Twisheni ya Kukosea

Uvumi wenyewe Kidawa aliupata asubuhi kwenye machinjio ya kuku, akiwa kwenye foleni na ndoo yake, na tangu siku ile haukumtoka. Ulimganda kama harufu ya manyoya yaliyoungua. Akioga, upo. Akikaanga, upo. Akijilaza, nao unajilaza pembeni.

"Wanaoshindwa kwenye televisheni hawarudi makwao," alisema Bi Rehani, jirani yake, huku anachungulia ndoo ya mwenzake kuona kapata nini.

"Hawarudi vipi? Si tunawaona wanapita na magari?"

"Magari ndiyo yanarudi, mwenzangu. Wao hawarudi. Kamuulize Bi Mwaka wa kule bondeni. Mwanawe, Chuma, si aliulizwa jua linachomoza upande gani? Akasema halichomozi, linawashwa. Leo ni Mkurugenzi Mkuu wa Hali ya Hewa. Juzi kapita mlangoni kwa mama yake, mama kalikimbilia gari kanga inamdondoka, kijana kateremsha kioo kidogo tu, kamwambia, 'Mwananchi, malalamiko yanapokelewa dirisha la nyuma.'"

"Mama yake mzazi?"

"Aliyemzaa kwa operesheni, na mshono anao."

"Ah, Rehani, na wewe kwa kutia chumvi!"

"Nitie chumvi nina kazi gani? Nipe hizo shingo kama huzitaki."

Kidawa hakumpa shingo. Alizihitaji. Alikuwa akikaanga miguu, shingo na firigisi za kuku kando ya barabara, mbele ya nyumba yake, na kwa biashara hiyo alimlea na kumsomesha binti yake wa pekee, Stahimili. Baba wa mtoto alikwenda nchi jirani kutafuta maisha. Inasemekana aliyapata, akaona si vizuri kuyahamisha, akabaki nayo hukohuko. Stahimili alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa anasubiri matokeo. Mtaani wote walimwita mama yake Mama Stahimili, na Kidawa aliitikia jina hilo haraka kuliko alivyoitikia lake.

Kwa hiyo uvumi ule ulipomwingia, ulimwingia mahali ambapo hakuwa na akiba. Mtoto ni mmoja. Akienda, likarudi gari tupu, atafanyaje?

*

Sasa inabidi tueleze kidogo habari za nchi yenyewe, maana wasomaji wetu wanaishi katika nchi zenye akili timamu, na mambo haya watayaona mageni.

Nchi ile iliongozwa na Mtukufu Mlezi. Alikuwa kiongozi mwema ambaye hakupenda wananchi wake wachoke, na kwa sababu hiyo alifikiri kwa niaba yao. Siku moja washauri wake wakamwambia kwamba televisheni ya taifa haina watazamaji. Akaagiza kianzishwe kipindi cha maswali na majibu, kila Jumamosi mchana, kiitwe *Taifa Linajibu*. Na ili kutoa mfano, akakifungua yeye mwenyewe kwa kukaa kwenye kiti cha mshiriki.

Swali liliteuliwa na jopo la maprofesa waliofungiwa hotelini mpaka wapate swali jepesi kuliko yote duniani. Mtangazaji, Bwana Sudi Mapambo, akalisoma kwa heshima zote:

"Mtukufu, kwa unyenyekevu, kuku ana miguu mingapi?"

Mtukufu Mlezi alikuwa anaangalia kama kamera inampata upande wake mzuri.

"Mitatu," akasema.

Mkuu wa itifaki alikaa chini pasipo na kiti. Lakini Sudi Mapambo, ambaye alikuwa na watoto wadogo na nyumba isiyoezekwa, alivuta pumzi, akanyoosha mikono juu, akapaza sauti:

"Sahihi kabisaaa!"

Makofi yalipigwa mpaka taa zikatikisika.

Kesho yake Wizara ya Mifugo ikatoa tamko kwamba kuku wote wa nchi ile wana miguu mitatu, na kuku yeyote atakayeonekana na pungufu ahesabiwe kuwa ameibiwa mguu, na mwenye kuku ahojiwe. Watu wakahojiwa. Majogoo yakapelekwa kituoni kutoa ushahidi. Mkulima mmoja wa nyanda za juu alikiri, baada ya kuhojiwa vizuri, kwamba mguu wa tatu aliula yeye.

Kidawa naye akatembelewa na Bwana Afya, kijana mwenye koti jeupe na kalamu sikioni.

"Mama, hapa naona miguu jozi jozi. Ya tatu iko wapi?"

"Inaiva taratibu, baba. Pita kesho."

Usiku huohuo Kidawa akachukua muhogo, akauchonga mguu, akauwekea vidole na kucha, akaupaka bizari, akautumbukiza kwenye mafuta pamoja na mingine. Bwana Afya alipopita akautafuna wote, akalamba vidole.

"Huu wa tatu ndio mlaini kuliko hiyo mingine," akasema. "Nifungie na wa mama watoto."

Watu wakazoea. Baada ya muda wateja wakawa wanaanza na mguu wa tatu, na watoto wa shule ya awali wakawa wanalia wakiona kuku mzima anatembea, wakidhani ni kilema. Kidawa aliwaonea huruma, lakini muhogo ulikuwa unauzika. Alijiambia ni kuku tu. Kuku hana kesi na mtu.

*

Alichokuwa hajakielewa Kidawa, na wengi hawakukielewa, ni kwamba jambo hilo lisingeishia kwa kuku.

Baada ya Mtukufu kujibu vile, kila mshiriki aliyekaa kwenye kile kiti na kujibu sawasawa alionekana anajidai kujua kuliko Mtukufu. Na aliyekosea alionekana mnyenyekevu. Kadiri alivyokosea vibaya ndivyo unyenyekevu wake ulivyozidi. Mitaani watu waliendelea kusema fulani kashindwa, fulani kaboronga. Serikalini waliita *kujibu kizalendo*. Aliyejibu kizalendo alipigiwa "Sahihi kabisaaa!", jibu lake likapelekwa kwenye wizara inayohusika likatekelezwe, na yeye akapelekwa kwenye wizara hiyohiyo akalisimamie. Ndiyo maana Chuma alikuwa anasimamia kuwashwa kwa jua, na hatuna ushahidi kwamba lilichelewa hata siku moja.

Jibu moja sahihi lilisamehewa. Liliitwa ajali. Ila aliyeshikilia kupatia aliulizwa swali ambalo halikuwa kwenye kipindi: "Nani kakufundisha?"

Mwalimu Bakilana ndiye aliyelionja swali hilo. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mtu mpole mwenye suruali ya kukunjwa vizuri. Alikaa kwenye kile kiti akajibu kuku ana miguu miwili, mbuzi minne, na mtu akizaliwa hana jino. Wakamuuliza nani kamfundisha. Kwa kuwa hakuwa na hila, akasema, "La kuku nilifundishwa na mama. Alikuwa mfugaji."

Walimpeleka yeye na mama yake kwenye Kamati ya Macho. Yeye alirudi na miwani myeusi tii ambayo haruhusiwi kuivua mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Mama yake alikuwa mtu mzima sana na Kamati ilikuwa na ngazi nyingi. Alirudishwa na gari la mizigo, amefunikwa shuka la serikali, na risala ya kumsifu kwa uvumilivu.

Kidawa alipika kwenye msiba ule. Wanawake jikoni walikuna nazi bila kusengenya mtu, jambo ambalo halijawahi kutokea mtaani.

*

Washiriki walipatikana kwa zamu ya nyumba, kama zamu ya kufagia mtaro. Mjumbe Kitwana alipita na filimbi yake, akisimama mlangoni na kuipuliza hata kama mwenye nyumba amesimama mbele yake.

"Mama Stahimili! Zamu imefika kwako."

Kidawa aliacha upawa ndani ya mafuta. "Nitakwenda mimi, Mjumbe."

"Wewe? Wewe utaulizwa nini, bei ya firigisi? Wanataka vijana. Vijana wanakosea kwa nguvu."

"Binti yangu ana homa."

"Homa gani? Huyo hapo anasuka nywele."

Stahimili alitoka uani, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. "Shikamoo, Mjumbe. Zawadi mwaka huu ni nini?"

"Marahaba, binti. Godoro na cherehani. Na cheo, Mungu akijalia."

"Basi nitakwenda nijibu ninavyojua."

Mjumbe Kitwana alimtazama Kidawa, Kidawa akatazama chini. Yule mzee akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza akazungumza kama jirani. "Mama Stahimili, mpeleke twisheni. Huyu anajua mambo. Ataturudishia matatizo."

*

Twisheni ya Kukosea ilifundishwa uani kwa Mwalimu Bakilana mwenyewe. Wazazi walimwamini, maana ndiye pekee mtaani aliyejua kupatia kunagharimu nini. Watoto walikaa kwenye mikeka, wazazi wakasimama nyuma wakiegemea ukuta, na mwalimu akafundisha akiwa ameutazama mpapai, kwa sababu ya ile miwani.

"Kubahatisha ni marufuku," alisema. "Anayebahatisha anaweza akapatia. Kwanza ulijue jibu lenyewe. Ukishalijua, lizunguke kama unavyozunguka shimo la choo kibovu. Na usisite! Atakayesita atajulikana kwamba anajua. Wewe mwenye sauti. Bahari ina maji gani?"

"Ya chumvi," alisema Stahimili.

Wazazi ukutani wakashika vinywa.

"Rudia."

"Ya… ya kukopa."

"Umesita. Rudia."

"Ya kukopa!"

"Vizuri. Yaani vibaya. Kaa."

Njia nzima ya kurudi Stahimili alinuna. "Mama, nimesoma miaka yote hii nije nijifunze ujinga?"

"Jifunze, mwanangu. Wenzio wote wanajifunza."

"Na wewe unataka?"

"Mimi nakutaka wewe. Mengine sina habari nayo."

Basi wakaanza mazoezi nyumbani. Kidawa alikaa kwenye kibao na upawa mkononi, akimuuliza huku anakaanga, na binti akipatia, anagongwa kidogo gotini.

"Unaitwa nani?"

"Meza."

"Umezaliwa wapi?"

"Kesho kutwa."

"Chakula cha ng'ombe?"

"Magazeti!"

Walicheka mpaka wateja wakauliza kuna nini. Kidawa alikumbuka baadaye kwamba ule ulikuwa wakati mzuri. Hawakuwa wamecheka pamoja hivyo tangu mtoto avunje ungo. Na Stahimili alikuwa na kipaji. Alikosea kwa haraka, alikosea kwa madaha, alikosea kwa namna ambayo mtu aliyejua jibu alianza kuwa na wasiwasi nalo. Mwalimu Bakilana akaacha kumrekebisha. Alimsikiliza tu, ameuelekea mpapai.

Siku moja mafuta yakaruka. Stahimili alikuwa anageuza shingo, tone kubwa likamwangukia mgongo wa mkono.

"Umeungua!" Kidawa akapiga ukelele.

"Hapana, Mama. Ni baridi."

"Stahimili, hatufanyi mazoezi sasa. Umeungua?"

"Baridi tu," alisema, na akatabasamu tabasamu la kwenye televisheni, huku ngozi inainuka mbele ya macho ya mama yake, lengelenge linajaa maji.

Kidawa alimpaka asali, akamfunga kitambaa, akarudi kwenye kikaangio kwa sababu wateja walikuwa wanasubiri. Lakini macho yake yalibaki kwenye kile kitambaa, na wale walionunua mchana ule walilalamika miguu haijaiva.

*

Jioni kabla ya siku yenyewe, Kidawa alimkalisha chini.

"Nisikilize. Ukikosea sana, watakuchukua kwa magari. Ukipatia sana, watakuchukua kwa Kamati. Changanya. Moja kosea, moja patia kwa ajali, tena kosea, tena sema sijui. Uwachoshe. Wakwambie tu asante binti, nenda nyumbani."

"Nikichanganyikiwa je?"

"Nitakuwepo. Nitakaa nyuma. Ukichanganyikiwa, nitazame mimi."

Stahimili akaitikia kwa kichwa. Kidawa alimpanga nywele upya, ingawa zilikuwa zimepangika.

*

Ukumbi wa *Taifa Linajibu* ulijengwa kwa marumaru mpaka vyooni. Kabla ya maswali, Waziri wa Majibu alipanda jukwaani kutoa neno fupi, na watu wakakaa vizuri maana neno fupi la waziri yule linajulikana.

"Ndugu wananchi! Wapo wanaouliza, uchaguzi lini? Nawajibu kizalendo: uchaguzi ulishafanyika mwakani! Makofi! Lakini nawauliza na mimi, je, tupeleke masanduku ya kura kwa watu ambao bado miongoni mwao wapo wanaohesabu miguu kwa macho? Macho ni nini? Ni matundu mawili tu, na tundu ni kitu kisicho na kitu ndani yake! Taifa haliwezi kuongozwa na matundu!"

Profesa mmoja kwenye safu ya mbele alifuta machozi. Alikuwa mmoja wa wale wa hotelini.

Walitangulia washiriki wengine. Mwanamume mmoja aliulizwa chuma hutokana na nini, akasema na uzembe. Akapewa Wizara ya Viwanda, idara ya kutu. Bibi harusi mmoja, bado ana hina, alisema sijui, akaambiwa asante, akapewa kikombe chenye picha ya Mtukufu, akashuka, akaenda zake nyumbani. Kidawa alimtazama mpaka mlangoni. Hicho ndicho alichokitaka. Kikombe tu. Kikombe na mtoto.

Stahimili akapanda.

"Binti, maji huchemka kwa sababu gani?" aliuliza Sudi Mapambo.

"Kwa kutishwa."

"Sahihi kabisaaa!" Ukumbi ukacheka kwa raha.

"Taja jina la jiji hili tulimo."

Stahimili akalitaja, jina lenyewe hasa, herufi kwa herufi. Ukumbi ukapoa kama chai iliyosahauliwa. Sudi Mapambo akaangua kicheko cha kuokoa. "Ajali! Ajali ndogo! Tunaendelea."

Kidawa akashusha pumzi. Moja hivi, moja vile. Mtoto anakumbuka.

"Maziwa hutoka wapi?"

Ukumbi ulikuwa bado haujapata joto. Kidawa aliona mabega ya mwanawe yanapanda, kama alivyokuwa akifanya utotoni kabla ya kuruka dimbwi.

"Kwenye mawingu manene," alisema, "ila siku hizi wakamuaji wamekuwa wafupi."

Watu walisimama. Waziri alisimama. Kofia zilirushwa. Makofi yale hayakuwa ya heshima kama yale ya Mtukufu. Yalikuwa makofi ya mapenzi, na Kidawa aliuona uso wa mwanawe ukiyapokea. Ulifunguka. Hakuna aliyewahi kumpigia makofi Stahimili alipojua kitu. Shuleni alipofaulu walimpa daftari.

Makofi yalipotulia, binti alikuwa hajui tena zamu ni ya kupatia au ya kukosea. Akafanya alivyoambiwa. Akamtazama mama yake.

Alimtazama kidogo tu. Lakini Sudi Mapambo hakuwa mtangazaji wa jana. Aliufuata mtazamo ule kama anayefuata uzi, safu hadi safu, na kamera zikaufuata pamoja naye, mpaka sura ya Kidawa ikajaa kwenye kioo kikubwa juu ya jukwaa, na kanga yake ya zambarau na jasho lake juu ya mdomo.

"Aaa! Tunatazama watu, kumbe! Labda tunafundishwa kutoka huko nyuma?" Alisema kwa utani, na ukumbi ukacheka, lakini mtu mmoja wa Kamati ya Macho, mwenye koti refu, aliyesimama karibu na mlango, hakucheka. Alianza kutembea kuelekea safu ya nyuma. "Basi hilo ndilo swali letu la mwisho. Binti, yule mama ni nani kwako?"

Kidawa alimwona mwenye koti akija. Aliwaza ngazi za Kamati. Alitikisa kichwa. Hata yeye hakujua anamaanisha nini kwa kukitikisa: usiseme, au usikatae.

Stahimili hakusita. Alikuwa amefundishwa vizuri.

"Simjui," alisema, na lile tabasamu likaja lenyewe. "Nadhani amekuja kuuza miguu ya kuku."

"Sahihi kabisaaa!"

Mwenye koti akasimama, akageuka, akarudi mlangoni.

*

Wizara ililitekeleza jibu kwa kasi ya kusifiwa. Mjumbe Kitwana alikuja na filimbi, lakini safari hii hakuipuliza.

"Bi Kidawa."

"Naam? Tangu lini unaniita hivyo?"

"Tangu Jumamosi. Lile jina la zamani limefutwa. Mtaa mzima umeambiwa. Nisamehe, dada yangu, mimi nimetumwa."

Bi Rehani alisahau mara moja tu, akaita "Mama Sta—" kutoka ng'ambo ya barabara, kisha akajiziba mdomo na kuangalia huku na huku. Hakurudia tena. Kidawa akawa haitiki haraka. Mpaka jina lake lizunguke limpate, mteja ameshaondoka.

Stahimili aliteuliwa Mkurugenzi Mkuu wa Ustawi wa Familia.

Kidawa alikwenda ofisini kwake. Alivaa gauni la sikukuu, akabeba kontena la wali na mchuzi kwenye kikapu, akapanda mpaka ghorofa ya Mkurugenzi, akakaa kwenye benchi la wageni. Karani alimuuliza uhusiano wake na Mheshimiwa. Akasema atamwambia mwenyewe. Karani akamuuliza tena, akasema atamwambia mwenyewe.

Stahimili alitokea kwenye korido katikati ya wasaidizi, suti ya kijivu, nywele zimenyooshwa. Alipomwona alisimama. Wasaidizi wakasimama.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," alisema Kidawa.

"Mheshimiwa," alisema karani, "huyu mama amekataa kujieleza. Anadai anakufahamu. Una mtoto hapa, mama? Mtoto wako anafanya kazi hapa?"

Korido nzima ikamgeukia. Kijana mmoja miongoni mwa wasaidizi alikuwa na koti kama lile la ukumbini. Kidawa alimtazama mwanawe usoni, akatafuta. Kulikuwa na kitu machoni pale. Huenda lilikuwa ombi: Mama, usiniangushe, jibu langu likifa na mimi nimekufa. Na huenda kilikuwa kile ambacho mtu yeyote mwenye adabu huwa nacho anapongoja mgeni amalize shida yake. Kidawa alimjua mtoto huyu kwa nyayo akiwa chumba kingine, lakini pale hakuweza kutofautisha.

"Sina mtoto," alisema Kidawa. Hakusita. "Mimi sikuzaa. Nilikuwa naulizia choo."

"Mwelekezeni," alisema Stahimili.

Msafara ukaendelea na safari. Kidawa alielekezwa chooni, akaingia, akafungua bomba ili maji yapige kelele, akasimama pale na kikapu chake mkononi mpaka msafishaji alipogonga. Wali aliurudisha nyumbani. Aliula nani, hatukuambiwa.

Mpaka leo Kidawa hajui kama siku ile mwanawe alikuwa anakosea au alikuwa anajibu.

*

Wazazi wenzetu, ninyi hamuishi nchi ile, na sisi tunajua kabisa kwamba hamuishi nchi ile. Hata hivyo, yaepukeni haya:

Msipeleke watoto twisheni ya kukosea, hata kama watoto wa mtaa mzima wanakwenda na mwalimu ni mtu mzuri.

Msiseme ni kuku tu.

Usimgonge mtoto kwa kusema kweli, hata kwa upawa, hata kwa mchezo, hata gotini.

Mtoto akikwambia hajaungua na wewe unaliona lengelenge, usirudi jikoni. Zima moto. Wateja watangoja.

Usimwambie changanya. Hakuna anayejua kuchanganya.

Usimwambie akutazame wewe, kama mahali penyewe pana kamera.

Usingoje mtoto apigiwe makofi na watu wengine kwanza.

Na ukiulizwa kama una mtoto, usijibu haraka.